Bei ya Nyumba na Shida ya Mwenye Nyumba



Methali yasema: Biashara haigombi. Maana yake, mwenye kuuza na mwenye kununua hawana sababu ya kukasirikiana. Mmoja ataja bei yake, wa pili ataja yake, na wasipopatana kila mtu ashika njia yake kwa amani. Methali hiyo ni ya kweli. Hata hivyo yafaa tuulize: je, kila bei inayotajwa ni ya haki kwa sababu tu hakuna aliyegomba? Mtu akitaka kuuza nyumba yake, na mwingine akamtajia theluthi tu ya thamani yake, je, amemkosea? Na yule mwenye nyumba, amjibu namna gani?

Swali hilo sikulikuta kitabuni. Miaka michache kabla ya vita ya 2025, mjane mmoja wa mtaa wetu hapa Bukavu alitaka kuuza nyumba yake: nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye mabati na vyumba vitatu, juu ya mteremko, na hati zake zote zilikuwa sawa. Marehemu mume wake aliijenga kidogo kidogo, mwaka huu msingi, mwaka ule ukuta, mwaka mwingine mabati. Watu wenye kujua bei za parsele za upande ule walisema kwamba yafaa kiasi cha dola 12,000. Mtoto wake wa pili alikuwa hospitalini, naye alitakiwa kupasuliwa. Gharama ilikuwa dola 700, na fedha zilitakiwa kwanza. Basi komisioneri akaleta mnunuzi. Yule bwana akaizunguka nyumba, asiseme neno juu ya ukuta wala juu ya bati. Akauliza jambo moja tu: "Mama, mtoto yuko hospitalini tangu siku ngapi?" Kisha akasema: "Nitakupa dola 4,000, kesho asubuhi, mkononi."

Jioni ile mama akanijia. Hakuja kutaka shauri. Alikuja kuniomba niwe shahidi, niandike jina langu chini ya karatasi ya mauzo. Nikamjibu: "Ndiyo, mama." Lakini usiku usingizi haukuja. Nilijiuliza: jina langu, nitaliandika chini ya neno gani?

Je, kutaja bei ndogo ni kosa?

Tuanze kwa kumtendea haki mnunuzi. Bei ndogo ni neno tu, si wizi. Aliyetajiwa aweza kusema hapana, na nyumba yabaki kuwa yake. Tena zipo sababu njema za kutaja bei ndogo. Huenda mnunuzi hana zaidi: mwalimu aliyeweka akiba miaka kumi akipata dola 4,000, akasema wazi, "Mama, hizi ndizo zote nilizo nazo," huyo hakumkosea mtu. Huenda nyumba ina kasoro. Hapa Bukavu twajua sote mmomonyoko wa udongo ni nini. Nyumba iliyo juu ya mteremko usio na mfereji yaweza kushuka bondeni kwa mvua ya usiku mmoja. Huenda hati zina mashaka. Katika nchi yetu, kwa sheria ya mwaka 1973, ardhi ni mali ya Serikali, na mtu hupewa haki ya kuikalia. Mwenye cheti cha kuandikishwa yuko salama kuliko mwenye karatasi ya kartie tu. Tena twasikia kila siku habari za parsele moja iliyouzwa kwa watu wawili. Mnunuzi anayeogopa mambo hayo, akapunguza bei kwa kuyaogopa, atumia akili yake tu.

Basi kosa laanzia wapi? Kitabu cha Methali kimekwisha kumchora mnunuzi mwerevu: akiwa mbele ya kitu chasema kibaya, kibaya, akienda zake ajisifu. Huyo asema uwongo juu ya kitu. Lakini mnunuzi wa mjane wetu hakusema hata uwongo. Hakuisingizia nyumba. Alifanya jambo jingine: aliacha kuipima nyumba, akampima mama.

Hapo ndipo penye mpaka, nami nautaja kwa maneno machache ili kila mtu aweze kuyakumbuka: punguza bei kwa sababu ya nyumba, usiipunguze kwa sababu ya shida ya mwenye nyumba. Ufa wa ukuta ni sehemu ya nyumba. Atakayenunua atanunua na ufa, kwa hiyo ni haki auhesabu. Lakini ugonjwa wa mtoto si ufa wa ukuta. Mnunuzi hataununua ugonjwa ule, hatauuguza, hatalala nao. Akiuhesabu katika bei, amelipwa kwa mzigo ambao hakuubeba.

Wakubwa wa zamani walisemaje?

Mawazo haya hayakuanza kwetu. Cicero wa Roma, katika kitabu chake juu ya wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, asimulia habari ya mwanasheria Quintus Scaevola. Huyo alitaka kununua shamba. Akamwomba mwenyewe ataje bei yake mara moja, bila kuzunguka. Mwuzaji akaitaja. Scaevola akasema kwamba yeye aliona shamba lafaa zaidi, akaongeza sesterti 100,000 juu ya bei aliyoombwa. Cicero aongeza kwamba watu walikubali kuwa ni kitendo cha mtu mwema, lakini wakakataa kuwa ni kitendo cha mtu mwenye akili. Naye akaona kwamba hapo ndipo upotevu ulipo: kuutenga wema mbali na akili, kana kwamba mtu mwema sharti awe mjinga kidogo.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, alilichunguza jambo hili katika Summa yake, mahali anaposema juu ya udanganyifu katika kununua na kuuza. Afundisha kwamba kuuza kitu kwa bei inayozidi thamani yake, au kukinunua kwa bei iliyo chini ya thamani yake, kwa lenyewe ni jambo lisilo la haki. Tena atoa sababu nzuri. Ikiwa mnunuzi ana haja kubwa ya kitu, na mwuzaji hapati hasara ya pekee kwa kukitoa, mwuzaji asipandishe bei kwa ajili ya haja ile. Kwa maana haja ile si mali yake, na mtu hawezi kuuza kisicho chake. Nasi tugeuze fikira hiyo upande wa pili. Haja ya mjane si mali ya mnunuzi. Basi asiitoze faida.

Hata watawala waliokuwa hawana huruma nyingi waliliona jambo hilo. Katika sheria za Roma imo amri inayohesabiwa kuwa ya Kaisari Diocletian na mwenzake Maximian, ya mwaka 285: mtu aliyeuza ardhi kwa bei iliyo chini ya nusu ya thamani yake ya haki aweza kurudishiwa ardhi yake, akirudisha fedha, isipokuwa mnunuzi akubali kuongeza kiasi kilichopungua. Na sheria ya raia ya Ufaransa, iliyotolewa mwaka 1804 wakati wa Napoleon, iliweka kipimo chake: mwuzaji wa nyumba au ardhi aliyepoteza zaidi ya sehemu 7 katika 12 za thamani aweza kuomba mauzo yavunjwe, kabla ya kupita miaka 2, hata kama katika mkataba aliandika kwamba aiacha haki hiyo. Fanyeni hesabu. Nyumba ya dola 12,000 ikiuzwa chini ya dola 5,000 imeshuka chini ya mpaka huo. Zile dola 4,000 zingekuwa hivyo.

Sitaji sheria hiyo ya Wafaransa ili tukimbilie mahakamani. Naitaja kwa ajili ya akili iliyomo. Tazameni: inamlinda mwuzaji, haimlindi mnunuzi. Kwa nini? Kwa sababu mnunuzi wa nyumba aweza kwenda zake na kutafuta nyingine, hakuna anayemsukuma. Lakini mtu haachi nyumba yake kwa theluthi ya bei kwa kupenda. Mara nyingi kuna kitu nyuma yake kinachomsukuma. Ndiyo sababu sheria haikuiamini hata sahihi yake mwenyewe. Ilijua kwamba mkono wa mtu aliyebanwa huandika lolote.

"Nisiponunua mimi, atanunua mwingine"

Najua jibu la mnunuzi, kwa maana nimelisikia mara nyingi, tena si jibu la kudharauliwa. Asema hivi: "Mimi simlazimishi. Nikiondoka, atakuja mwingine na dola 3,500, au hatakuja mtu kabisa, na mtoto atakufa. Fedha zangu zamwokoa. Je, ni afadhali nizifungie sandukuni?"

Ni kweli, fedha kidogo leo zaweza kufaa kuliko fedha nyingi baada ya mwaka. Lakini jibu hilo lachanganya mambo mawili. Ikiwa lengo lako ni kumwokoa mtoto, kilichotakiwa ni dola 700. Ungeweza kumkopesha mama hizo 700, ukangoja alipe nyumba ikiuzwa. Ungeweza kumpa kama sehemu ya kwanza ya bei ya haki, ukamaliza polepole. Njia zilikuwapo. Wewe ulichagua ile moja ambayo dola 700 za mgonjwa zamgharimu mama dola 8,000 za nyumba. Huo si uokozi. Mtu aliyezama mtoni, ukimtupia kamba, usimwombe shamba lake kabla hajashika kamba.

Tena ipo saa ngumu zaidi, nayo ni saa ya vita. Mwezi wa Januari 2025 vita ilifika Goma, na mwezi wa Februari ikafika Bukavu. Mabenki yakafunga milango. Katika saa kama hiyo mwenye noti mkononi awa kama mfalme, na mwenye nyumba atakaye kukimbia na watoto wake hana nguvu ya kungoja. Je, bei ya wakati wa amani yadaiwa hata siku hiyo? Hapana. Vita yaishusha kweli thamani ya nyumba, kwa maana hakuna ajuaye kama kesho itakuwa imesimama, au nani atakaa ndani yake. Anayenunua siku hiyo achukua hatari ya kweli, na hatari ina bei yake.

Nabii Yeremia alinunua shamba la binamu yake Hanameli katika siku kama hizo. Jeshi la Babeli lilikuwa limeuzunguka Yerusalemu, na nabii mwenyewe alikuwa kifungoni. Akapima shekeli 17 za fedha, akaandika hati, akaita mashahidi, akaagiza hati iwekwe katika chombo cha udongo ipate kudumu. Mtu mwenye akili ya biashara tu angecheka: nani anunua shamba ambalo adui amekwisha kukanyaga? Lakini Yeremia hakununua ili kupata faida kwa kushindwa kwa watu wake. Alinunua ili kuonyesha kwamba watarudi, na kwamba nyumba na mashamba yatanunuliwa tena katika nchi ile. Kumbe mtu aweza kununua wakati wa vita akiwa na moyo wa namna mbili: mmoja aungojea uharibifu, mwingine aungojea urudio. Na torati ya Walawi ilijua kwamba saa mbaya hupita: mtu aliyeuza nyumba ndani ya mji wenye ukuta alikuwa na mwaka mmoja mzima wa kuikomboa. Mnunuzi mwenye dhamiri naye aweza kusema leo: "Nachukua nyumba yako kwa bei hii ya hatari. Amani ikirudi kabla ya mwaka, nawe ukataka kuikomboa, tutaongea." Neno hilo moja lingewapa watu wengi usingizi.

Mwenye kuuza naye

Haki si ya upande mmoja. Wapo wenye nyumba wanaolia juu ya bei ndogo, huku wao wenyewe wametaja bei mara tatu ili wapate pa kushukia. Wapo wanaopaka chokaa juu ya ufa wiki moja kabla mnunuzi hajafika. Cicero huyo huyo aliuliza juu ya mtu auzaye nyumba yenye nyoka vyumbani na magogo yaliyooza, akinyamaza. Naye akahukumu kwamba kunyamaza hivyo ni udanganyifu. Wapo wanaobuni mnunuzi asiyekuwapo: "Jana mtu alinipa 11,000." Anayetaka apimwe kwa haki, apime kwa haki yeye kwanza.

Tena mwuzaji ajue kwamba mnunuzi hanunui kumbukumbu. Chumba ambamo mzee wako aliaga dunia ni kitu kikubwa kwako, lakini kwa mgeni ni chumba cha mita 3 kwa 4. Usikasirike akikiona hivyo.

Basi ukitajiwa bei ndogo sana, ufanye nini? Usitukane, wala usifunge mlango kwa kishindo. Uliza kwa upole: "Bwana, wahesabu nini?" Swali hilo ni kama taa. Akikuambia mfereji, bati lenye kutu, hati isiyokamilika, msikilize, huenda ana haki, na mtaweza kupatana. Asipokuwa na kitu cha kukutajia ila haraka yako, mwambie: "Hicho si kasoro ya nyumba," kisha mtajie bei yako na unyamaze. Kabla hata ya mtu wa kwanza kufika, uwe umekwisha kuamua bei ya chini ambayo hutaivuka, nawe umemwambia mtu mmoja mwaminifu, ili siku ya kubanwa yeye akukumbushe. Usiuze siku ile ile. Usiuze peke yako: mwenye ndoa sharti apatane na mwenzake, na sheria ya jamaa ya mwaka 1987 yadai hivyo juu ya nyumba na parsele; mjane asikilizane na watoto wake. Wala usimwachie komisioneri kila kitu. Tuseme apata 5 katika 100: kwa dola 4,000 za leo apata 200, kwa dola 9,500 za baada ya miezi mitatu apata 475. Mtu mwenye njaa ya leo atazisifu zile 200 za leo, nawe utasikia akikuambia kwamba soko limekufa.

Hapana ya maskini yahitaji watu

Hayo yote ni mashauri mema, lakini usiku ule niliona kwamba hayatoshi. Ningemwambiaje mama, "Kataa," halafu nirudi nyumbani kwangu kula? Mwenye chakula cha jioni hukataa kwa urahisi. Wahenga walisema: Mnyonge hana haki. Hawakusema kwamba ndivyo inavyopasa kuwa, walisema walivyoona. Mnyonge anyimwa haki yake kwa sababu amesimama peke yake, na aliye peke yake hana muda. Anayeweza kungoja mwezi mmoja tu amekwisha kupata nusu ya bei yake.

Kwa hiyo bei ya haki haifanywi na wawili tu, mwuzaji na mnunuzi. Inafanywa pia na jirani. Sisi tunaomlaumu mnunuzi mwenye moyo mgumu, tujiulize tulikuwa wapi wakati mama alipokuwa akitafuta dola 700 mtaa mzima. Yule bwana alimkuta amekwisha kubanwa. Kubanwa kule hakukuwa kazi yake peke yake, kulikuwa pia kazi ya milango yetu iliyofungwa.

Alfajiri nilikwenda kwake. Nikamwambia: "Mama, sitaweza kuandika jina langu leo. Unipe mpaka jioni." Alinitazama kwa uchungu, akidhani nimemwacha. Nikaenda kwa akina mama wa likelemba yake. Walikaa, wakapigana maneno kidogo, maana zamu ilikuwa ya mwingine, naye alikuwa na mipango yake. Mwisho yule mwenye zamu akasema: "Apewe yeye." Kilichopungua tukakichanga watu watano. Mtoto alipasuliwa siku ya tatu, akapona.

Yule mnunuzi alirudi na kupandisha mpaka 5,000. Mama akamwuliza, "Bwana, wahesabu nini?" Hakujibu. Akaaga vizuri, na hata leo wakikutana njiani huamkiana, kwa kuwa biashara haigombi. Baada ya miezi mitatu akaja mwalimu mmoja, akapanda mteremko, akaonyesha mahali ambapo sharti ajenge ukuta wa kuzuia udongo na kuchimba mfereji, akahesabu mawe na saruji mbele ya mama. Wakapatana kwa dola 9,500. Zilikuwa pungufu kuliko mama alivyotumaini. Lakini kila dola iliyopungua ilikuwa na jina lake: hii ya mawe, hii ya saruji, hii ya mfereji. Hakuna hata moja iliyoitwa kwa jina la mtoto.

Siku hiyo niliandika jina langu chini ya karatasi.